Midahalo vyuoni isiachwe ife

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu vilabu vya midahalo vyuoni. Nimelea kimoja hapa Moshi mwaka mzima. Novemba, wanachuo wa mwaka wa kwanza walijaa hadi madirishani; kufikia Juni tulibaki tisa, tukijadiliana chini ya mwarobaini kwa kuwa ukumbi ulifungwa na mwenye ufunguo haonekani.

Vijana hawakuchoka kubishana. Walikosa ukumbi na nauli, basi. Binti aliyeanza huku karatasi ikimtetemeka mkononi, Machi alisimama bila karatasi, akatetea hoja asiyoiamini, akashinda.

Naomba vyuo vitenge ukumbi na nauli. Bunge la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yapo jirani Arusha, nalo liwaalike wanamidahalo wetu wakasikilize hoja zikijibiwa.

Mlezi wa klabu,
Moshi