Kituo cha Gezaulole kipewe kibao

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita nilipanda daladala ya kutoka Feri, Kigamboni. Konda alipouliza, "Geza wapo?" mtoto mmoja akamgeukia bibi yake: "Bibi, Geza ndiyo nini?" Bibi akafikiri kidogo, akamjibu, "Jina tu, mjukuu wangu." Tukashuka. Pale kituoni nilihesabu vibao vitano vya viwanja vinavyouzwa na kimoja cha hoteli ya ufukweni. Cha kumjibu mtoto yule hakikuwepo.

Gezaulole ni Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Ni miongoni mwa vijiji vya mwanzo vya ujamaa, vilivyofuata baada ya Azimio la Arusha la 1967, na waliohamia walitoka Dar es Salaam mjini, wengi wao hawana kazi, wakaja kushika jembe. Jina lenyewe lina mwaliko ndani yake, na kidogo lina wasiwasi wa watu wanaoanza maisha upya.

Wageni hao hawakukuta pori tupu. Hapo jirani ni Mbwamaji, mji wa Waswahili uliokuwepo kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Makaburi ya kale ya matumbawe na chokaa yangalipo. Siku hiyo nilikwenda hadi huko. Kaburi moja lilikuwa limeegemezwa matofali ya saruji, mapya kabisa, ya nyumba inayojengwa kando. Chokaa imebanduka upande mmoja, na ukipitisha kidole unagusa vitundu vya matumbawe. Fundi niliyemkuta alikuwa muungwana. Aliniambia hakujua kama ni kaburi, na nilipomweleza aliyaondoa matofali mwenyewe. Tangu siku hiyo sina moyo wa kuwalaumu mafundi. Nani aliwaambia?

Kunduchi nako, kwenye magofu, nguzo za makaburi zina mashimo ya duara zilimobandikwa bakuli za kaure kutoka China. Anayepita barabarani hajui kama kuna kitu hapo.

Katikati ya jiji tumeweza. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927, ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na hadi leo kijana anayesubiri mwenzake Posta anaweza kusimama akasoma habari za askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa nini kusoma kuishie Posta?

Ombi langu kwa halmashauri ni dogo. Mwaka 2022, kwenye kazi ya anwani za makazi, nguzo zenye majina ya mitaa zilisimikwa hadi huku kwetu. Nguzo ipo, jina lipo. Chini yake iongezwe bati lenye mistari mitatu minne: jina lina maana gani, nani walikaa hapa, lini. Kiswahili kitangulie, na neno la Kizaramo liandikwe kama wenyewe wanavyolitamka. Wazee wa Mbwamaji waulizwe kabla rangi haijapakwa, maana wao ndio wanaojua kaburi lipi ni la nani. Na penye makaburi, kibao kisimame kabla mpimaji hajapiga bikoni.

Kwa kituo cha Gezaulole, bati na rangi nitanunua mimi. Ninachosubiri ni kibali.

Msomaji wenu,
Kigamboni, Dar es Salaam