Asanteni kwa ajili ya binti yetu, na poleni mliorudishwa mlangoni

Ndugu zetu wa Arua, Bombo, Kampala na nyie mlio mbali, salamu nyingi. Binti yetu wa miaka 6 ametoka hospitali jamani, tundu la moyo limezibwa pale Taasisi ya Moyo, Mulago, sasa yuko nyumbani anadai chapati. Mliotuma mobaili mani, hata zile elfu mbili mbili, tulizipokea kwa machozi. Mliotoa damu, mlioomba msikitini na kanisani, Mungu awalipe, sisi hatuwezi.

Ila kuna jambo limenikaa rohoni. Wengi mlikuja kumwona mkarudishwa, shangazi yake alipanda basi la usiku kutoka Arua na kopo la simsim ya kusaga mapajani, akaishia kumwangalia mtoto kwenye kioo tu, akalia pale pale. Haikuwa dharau. Dokta alitukalisha akatueleza kwamba moyo ukisimamishwa ili upasuliwe, damu inazungushwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, sasa damu ikigusa ile mirija ya plastiki mwili unadhani umevamiwa, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, zinaamka zote kwa mpigo, mtoto anavimba, joto linapanda, halafu baada ya vurugu hiyo kinga yenyewe inachoka, siku kadhaa iko chini kabisa. Hapo mafua yako wewe mtu mzima, unayoyatibu kwa chai ya tangawizi, yanaweza kumshukia kwenye mapafu, au kidonda cha kifua kikaingia vijidudu.

Na kwa watoto kuna tezi inaitwa thaimasi, imekaa mbele ya moyo nyuma ya mfupa wa kifua, ndiyo inayozifundisha baadhi ya hizo chembe nyeupe kumjua adui, na mara nyingi inabidi ikatwe ndio moyo ufikiwe. Ya binti yetu imekatwa sehemu. Mama yake aliposikia alinishika mkono, hakusema kitu.

Kwa hiyo wote mlioelewa mkarudi bila kununa, hiyo nayo tunaihesabu mchango, tena mkubwa.

Sasa dokta ameruhusu wageni kidogo kidogo. Njooni, jagi la maji na sabuni viko mlangoni, mwenye kikohozi atuvumilie mpaka apone. Na shangazi, ile simsim tulimtunzia mtoto, juzi kaimaliza na kopo kalilamba.