Amri haitembei kwa miguu yake

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ushiriki wa wananchi katika vikao vya shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala hapa Zanzibar, inayoongozwa na sheha. Wengi husema, "Sisi wanyonge tutafanya nini?" Sikubaliani nao. Amri ya mkubwa hubebwa na karani, dereva na sisi tunaoitika; tukiikataa, hukwama. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma, na shughuli za mji zikasimama, ingawa bunduki zote zilikuwa mikononi mwa wakoloni. Tena katika kura ya maoni ya Zanzibar ya Julai 31, 2010, ni kura zetu za ndiyo zilizofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Naomba masheha waitishe mikutano kabla ya uamuzi kupitishwa, na "hapana" ya mwananchi iandikwe kwenye kumbukumbu kama inavyoandikwa "ndiyo" yake.

Mkaazi wa Wete, Pemba