Makaratasi ya Ulaya yasiteketezwe, na sisi tumo humo

Mhariri,

Mwezi uliopita nilikwenda maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa nchini kutafuta nyaraka za Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, mtangulizi wa Umoja wa Ulaya wa leo, za miaka ya 1960 na 1970. Kwenye katalogi zimo, kwenye rafu hakuna kitu. Mkutubi, dada mpole sana, akanipeleka stoo. Maboksi yako chini ya kiyoyozi kinachovuja, Gazeti Rasmi la Jumuiya limefungwa kwa kamba ya katani, na kurasa zimegandana kama chapati zilizolala. Akaniambia zinasubiri kibali cha kuteketezwa kwa kuwa "hakuna anayesoma mambo ya Ulaya."

Maneno hayo yamenikaa kooni. Tarehe 24 Septemba 1969 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini Mkataba wa Arusha na Jumuiya hiyo. Ule wa kwanza, wa Julai 1968, ulikufa kabla ya kuanza kutumika, kwa sababu si nchi zote za Ulaya zilizouridhia. Bidhaa zetu nyingi zilipata nafuu ya ushuru, lakini tatu ziliwekewa ukomo: kahawa, karafuu na mananasi ya kopo. Sababu ni wenzetu waliotutangulia kwa Mkataba wa Yaoundé, uliounganisha Jumuiya hiyo na nchi nyingine za Afrika, nyingi zilizokuwa makoloni ya Ufaransa. Madagascar ilikuwa na karafuu zake, Ivory Coast kahawa na mananasi, na wala hawakutaka tuwabane sokoni. Mtu wa Pemba anayetaka kujua karafuu za babu yake zilivyojadiliwa Brussels, pa kuanzia ni kwenye boksi lile. Tena aende na mkutubi anayejua kazi, maana kabla Uingereza haijajiunga mwaka 1973, Gazeti Rasmi lilitoka kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kiholanzi.

Najua nitajibiwa kwamba yote yapo intaneti. Mengi yapo, kweli. Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, mwaka 2007 kilipokea maktaba ya ofisi ya Umoja wa Ulaya iliyoko Washington, na nyaraka nyingi kikaziskani na kuziweka wazi bure. Baadhi nimezisoma kwenye simu, ndani ya daladala. Lakini Pittsburgh hawana ripoti niliyoiona stoo, ambayo msomaji fulani, nadhani ofisa wa kwetu, ameandika pembeni kwa wino wa buluu: "karafuu??" Kahawa haikupata hata alama moja ya kuuliza.

Juzi tu tumebishana miaka kuhusu mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya. Mazungumzo ya Afrika Mashariki yalikamilika 2014, Tanzania ikagoma kusaini, Kenya ikaja kusaini peke yake Desemba 2023. Katika mabishano yale yote sikumsikia mtu akiuliza mwaka 1969 tulikubali nini, na kwa nini.

Naomba uongozi wa chuo hicho, nao watajijua wakisoma hapa, usitishe kibali hicho na uyaondoe maboksi chini ya kiyoyozi. Hilo halihitaji bajeti, ni vijana wawili na mkokoteni. Kuyaorodhesha upya kunaweza kusubiri, maji hayasubiri.

Kabla ya kuondoka nililiinua boksi la 1969 nikaliweka juu ya meza. Mengine nimeyaacha sakafuni.

Msomaji wako,
Dar es Salaam