Mhariri, tuanze na "kimeanguka", jedwali la ngeli litafuata

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu hawa watoto wa shule za msingi wanaosemwa kila siku eti hawajui Kiswahili, mara "kitabu yangu", mara "viti zimevunjika", na lawama zote tunaitupia simu na lugha ya mtaani. Mi nafundisha darasa la tatu, Kiswahili ndio somo langu, na hiyo hadithi ya simu nimeichoka. Ngeli, yale makundi ya majina yanayoamua useme "changu" au "yangu", "vimevunjika" au "zimevunjika", tunazifundisha sisi walimu, na tunazifundisha kuanzia mkiani.

Jinsi tunavyofanya wengi wetu mnaijua, maana hata nyie mlifundishwa hivyohivyo. Mwalimu anaingia, anachora jedwali ubaoni, A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA, I-ZI, watoto wanaimba kama wanahesabu, wananakili kwenye daftari, basi somo limekwisha. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka sijui mingapi. Siku moja nikauliza kiti kiko katika ngeli gani, mtoto mmoja akanyoosha kidole akajibu KI-VI bila kupepesa, nikampa vema yake, darasa likampigia makofi, sasa kengele ya mapumziko haijamaliza hata kulia vizuri yuleyule akanijia mbio, "Mwalimu, viti za nyuma zimevunjika!" Nilisimama pale na chaki yangu mkononi. Yaani jina la ngeli analo, ngeli yenyewe hana.

Tangu hapo jedwali nimelisogeza mbele huko. Siku hizi naanza na kitenzi kitupu. Naingia darasani nasema neno moja tu, "Kimeanguka", halafu nanyamaza. Nini kimeanguka? Watoto wanaanza kukisia, kiti, kijiko, kikombe, kisu, mmoja akisema kalamu wenzake wanamzomea kabla sijafungua mdomo. Nasema "limeanguka", wanasema jiwe, jani, tofali, dawati. "Yameanguka", wanarudi kwenye mawe na majani. Kisha nikasema "umeanguka", wakataja mti, ukuta, mkoba, na mtundu mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Ni wewe mwalimu, umeanguka!" Darasa zima likavunjika mbavu, na mimi nikacheka nao, maana alikuwa sahihi kabisa, u- ile ni ya mti na ni ya wewe pia, na nisingeweza kupanga mfano mzuri kuliko ule. Kesho yake wakagundua wenyewe kwamba "imeanguka" inaweza kuwa kalamu moja au miti kumi. Sijawafundisha hilo mimi, wamelikuta.

Mtoto akishaona kwamba kile kisilabi cha mwanzo kinamwambia nani anayesemwa, hata kama jina lenyewe halijatajwa, anaanza kukijali. Kwenye jedwali kile kisilabi ni herufi tu za kukariri.

Jambo la pili ni kusahihisha. Tuna tabia mbaya ya kumkata mtoto katikati ya maneno. Mtoto anakuja na shida yake, "Mwalimu, dawati yangu imevunjika mguu", wewe unamrukia "Sema langu! Sema limevunjika!", mtoto anasahau mpaka shida iliyomleta, na kesho hakuletei habari yoyote. Mi namjibu tu, "Dawati lako limevunjika? Limevunjika mguu upi?" na mara nyingi anajibu, "Limevunjika ule wa mbele". Amejisahihisha na hajui, na hakuna aliyemcheka.

Halafu kuna yale makosa ambayo mi huwa nayafurahia moyoni. Mtoto aandike "Kifaru kimekimbia", mwalimu anaweka alama nyekundu ya kosa. Jamani huyo mtoto ameielewa KI-VI kuliko tunavyodhani, ameona ki- ya kifaru akaifuata kama alivyofundishwa! Anachokosa ni kuambiwa kwamba watu na wanyama, wadudu na samaki humo, wanachukua a- na wa- hata jina lianze na nini, kifaru amekimbia, viboko wamelala, kipofu amefika. Mmoja aliniuliza, "Na mti je, si nao unaishi?" Nikamwambia mti unaishi ila hauendi popote, jibu la kubabaisha lile nakiri, lakini limemsaidia mpaka leo. Wakija na "mama yangu amefika", wakauliza mbona si "mama wangu", hapo nasema ndugu na marafiki wana mambo yao, tutayafikia.

Kosa linalonisumbua zaidi ni la sentensi ndefu. "Vitabu vya mwalimu amepotea." Mtoto anapatanisha kitenzi na jina lililo karibu, mwalimu, wakati aliyepotea si mwalimu, vilivyopotea ni vitabu. Dawa yake nimeipata kwa kidole. Namwambia weka kidole juu ya "vya mwalimu", funika, sasa soma. "Vitabu... vimepotea." Toa kidole, soma yote. Ikiwa ni "mti ambao matawi yake yalikatwa jana", vidole vitatu vinahitajika, lakini njia ni ileile. Mambo ya kiti na meza vimevunjika nayaacha kwa madarasa ya juu, huku chini yanawachanganya tu.

Sasa wenzangu wataniambia mtihani unauliza majina ya ngeli. Ni kweli, na hapo ndipo nagombana na watunga mitihani, kwa sababu swali la "neno ufunguo liko katika ngeli gani" linapima kumbukumbu, wakati ukimpa mtoto aya fupi ya ufunguo mmoja umwambie aiandike upya ziwe funguo nyingi, utaona kila kitu, ulipotea unakuwa zilipotea, wangu unakuwa zangu, ule unakuwa zile, na pale alipochoka akarudi kwenye u- utapaona pia. Majina ya ngeli na wajifunze, sijakataa, ila yaje wakati mtoto tayari ana kitu cha kukipa jina.

Na nyie wa magazeti msijione mko salama. Juzi nilikata kipande cha tangazo kilichoandikwa "Matokeo imetangazwa" nikakibandika ubaoni, sikusema gazeti gani. Hawakuchukua hata dakika, wakaimba "yametangazwa!" Halafu msichana mmoja wa mbele akauliza, kwa upole tu, aliyeandika hivyo yuko darasa la ngapi.

Nikamwambia simjui.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu wa darasa la tatu