Barua ya wazi kwa vijana mliogombana chini ya Mshtarii

Wanangu wa kikundi cha nyota, asalaam aleikum. Shikamoo zenu za Ijumaa usiku nimezipokea, ingawa zilinifikia nikiwa nimeshaanza kukunja mkeka.

Nimenyamaza siku nne ili hasira ipoe, na haikupoa sana. Darubini ile niliiazima kwa dhamana yangu. Sayari ya Mshtarii (Jupita) ilikuwa imesimama juu ya minazi, watoto wamejipanga foleni, wengine na nguo za kulalia. Nyinyi watu wazima mkaanza: nani aliyebuni darubini? Huyu anasema Galileo wa Italia, yule Ibn al-Haytham, msomi wa kale wa Basra, mwingine ananyoosha simu yenye picha ya mzee wa kilemba anayechungulia bomba refu. Mkasukumana, chombo kikaenda chini, lenzi ikachubuka. Watoto wakarudi kulala hawajaona kitu.

Na ugomvi wenyewe wote mlikosea.

Galileo hakubuni. Ameandika mwenyewe, katika kitabu chake cha 1610, kwamba alisikia habari za Mholanzi mmoja aliyetengeneza chombo cha kuonea mbali. Yeye alikiboresha kikafikia kukuza mara 20 hivi, akakielekeza juu, akaiona miezi minne ya Mshtarii. Hata katika kuelekeza juu, Mwingereza Thomas Harriot alikwishauchora mwezi kiangazi cha 1609.

Karatasi ya zamani kabisa tuliyo nayo ni barua ya tarehe 25 Septemba 1608, kutoka jimbo la Zeeland, Uholanzi, inayomwombea mtu mwenye chombo cha kuonea mbali aonane na Mwanamfalme Maurits, mkuu wa majeshi ya nchi hiyo. Siku chache baadaye Hans Lipperhey, fundi miwani wa Middelburg, mji wa Zeeland, akawa mbele ya Bunge la Uholanzi kule The Hague, anaomba hataza ya miaka 30, yaani haki ya kukitengeneza yeye peke yake. Hata mwezi haujaisha, Jacob Metius wa Alkmaar naye akaleta ombi lake. Huko Zeeland kukasikika kuna kijana mwingine anayejua kukitengeneza. Wakubwa wakafanya jambo la busara ambalo nyinyi mlishindwa: Lipperhey wakampa kazi ya kutengeneza cha kutazamia kwa macho mawili, kwa gilda 900, fedha ya Uholanzi, lakini hataza wakamnyima. Wanaokijua, wakasema, ni wengi.

Sasa hapa ndipo pananikera, nivumilieni. Mwaka 1655 balozi wa Uholanzi Willem Boreel aliuliza Middelburg, mji alikozaliwa, nani hasa alianza. Akajitokeza mtoto wa Sacharias Janssen, fundi miwani aliyewahi kuwa jirani wa kina Boreel, akaapa kwamba baba yake alikibuni mwaka 1590. Watu walikuja kupiga hesabu: mwaka 1590 Sacharias alikuwa mtoto wa miaka kama mitano! Ni huyuhuyu aliyekuja kuhukumiwa kwa kughushi sarafu. Lakini mwana kamtolea baba ushahidi, balozi kaamini, vitabu vikanakili, na mpaka leo mtamkuta Janssen ametajwa bila haya. Nyaraka nyingi za Middelburg ziliteketea kwa moto wa vita mwezi Mei 1940, kwa hiyo hata mwenye hamu ya kuhakikisha amebaki na alichowahi kunakili wengine.

Na wewe wa picha ya kilemba. Nakupenda, na najua kilichokusukuma. Lakini Ibn al-Haytham humpi heshima kwa kumvika kanzu isiyo yake. Kitabu chake cha Al-Manadhir, cha karne ya 11, kilionyesha kwamba jicho halitoi miale, bali nuru inatoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Kilitafsiriwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma. Hayo hayakutoshi mpaka umtilie bomba mkononi? Mtu aliyetaka kila neno lipimwe, unamsambazia uongo kwa simu!

Ila kosa si lenu peke yenu. Tumewalea hivyo. Nendeni msome jiwe la msingi la jengo lolote mtaani: jina la mgeni rasmi limechongwa, la mwashi aliyepandisha kuta halipo. Tunataka mmoja wa kumshangilia. Darubini ilitoka kwa mafundi waliosugua vioo vya miwani tangu karne ya 13, kioo kikawa kinasafishika polepole. Wapo watafiti wanaosema siri ya 1608 ilikuwa ndogo tu: kuufunika ukingo wa lenzi, maana ukingo ndio uliosuguliwa vibaya, sura ikatulia. Kipande cha karatasi chenye tundu!

Mengine haraka. Picha isiyo na tarehe msiitume. Msiguse lenzi kwa vidole. Neno darubini lenyewe limetoka Uajemi, maana yake kionambali, na Mwajemi hajaja kudai. Mzee akiongea, simu mfukoni.

Fundi ameitazama lenzi, mchubuko uko pembeni kabisa. Nimekata gamba la boksi, nikalitoboa tundu, nikaufunika ukingo. Jana usiku nilijaribu peke yangu uani: miezi mitatu iliniangalia wazi, wa nne sijui ulijificha wapi. Ijumaa baada ya isha njooni. Watoto watatangulia, nyinyi mtasimama nyuma, na yule aliyesukuma aje na chai.