Kikao kimoja si unasihi

Mhariri,

Kila panapotokea ajali kubwa, moto au mauaji, magazeti huandika kwamba "wanasihi wamepelekwa", nasi wasomaji tunaridhika. Sisi tulio katika kazi hii ya unasihi, yaani ushauri nasaha, haturidhiki. Kumkalisha manusura siku ya pili na kumtaka asimulie yote aliyoyaona, eti "atoe sumu", ni jambo ambalo hata Shirika la Afya Duniani limeshauri lisifanywe. Siku hizo anahitaji usalama, maji, habari za jamaa zake, na mtu wa kumsikiliza akitaka mwenyewe kusema.

Kukosa usingizi au kushtuka mlango ukibamizwa si ugonjwa bado. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache. Mwezi ukipita na picha za tukio zingali zinamvamia, akikwepa hata njia ya pale lilipotokea, hapo ndipo tiba huanza: kwa kawaida vikao 8 hadi 12, kimoja kwa wiki, cha dakika 60 hadi 90.

Vya mwanzo haviligusi tukio. Anafundishwa kujituliza: avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa 6, au ataje vitu vitano anavyoviona chumbani. Kisha husimulia kwa mpangilio, kabla, wakati na baada, akirudia mara kadhaa. Kumbukumbu ya kiwewe hukaa vipande vipande, na mwili huipokea kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Kuipanga ndiko kunakoifanya iwe jambo la jana. Kuikwepa humtuliza mtu leo, ila hofu huzidi kunenepa.

Simulizi linapoanza, majinamizi yanaweza kuongezeka kwa muda. Mnasihi asipomwonya mapema, mteja hudhani anaharibika, akaacha. Kosa jingine, nalo ni baya zaidi, ni kufunga kikao hofu ikiwa kileleni kwa sababu saa imefika. Dakika 15 za mwisho ziwe za kumshusha kwanza. (Vidonge vya usingizi haviyafanyi haya, baadhi huleta utegemezi.)

Watoto wengi hawasimulii, huligeuza tukio mchezo na kuurudia. Msiwakemee.

Basi waandishi wenu wakiambiwa tena kwamba wanasihi wamefika, waulize: ni wangapi, watakaa wiki ngapi, na mwezi wa pili nani atakuwepo?

Wanasihi wa afya ya akili